Kidato cha Tatu cha Ngazi

Kijiwe chetu ni benchi moja refu na birika moja jeusi, kwenye kona ambapo lami inaishia na vumbi linaanza. Mimi nakaa mwisho wa benchi na sanduku langu la kushonea viatu, kwa hiyo nasikia yote na nachangia nikiwa nimebana uzi kwa meno. Saa nane mchana, jua likishakaa sawasawa juu ya vichwa, mtaa mzima unasinzia macho wazi; hata kuku wanapita taratibu kama wanaogopa kuamsha mtu. Ng'ambo ya njia iko nyumba ya Mkunga, yule mama mstaafu aliyezalisha nusu ya mtaa huu. Ana kibaraza cha zege kilichozungukwa na ukuta wa kimo cha kifua, wenye lango wazi linalotazama kwetu. Juu ya kibaraza hicho, siku zile ninazozisimulia, zilikuwa zimesimama nguzo nne za futi nane, zimerandwa zikang'aa, hazijabeba kitu. Ukizitazama kwenye joto zilikuwa zinacheza kidogo, kama watu wanne walioitwa mahali, halafu aliyewaita akasahau alichowaitia.

— Leo siku ya kumi na mbili, alisema Nusu Saa.

Huyu ni fundi wa saa. Ukimuuliza saa yako itakuwa tayari lini, jibu lake ni moja tu, na ndilo lililomgeukia jina.

— Ya kumi na tatu, alisema Mkaguzi. Yeye alikagua tiketi za treni maisha yake yote, na tangu astaafu hakuna hesabu ya mtu anayoikubali mara ya kwanza.

— Kumi na tatu umeitoa wapi?

— Siku ya kuchimba mashimo huihesabu?

— Shimo si nguzo.

— Mchimba kisima huingia mwenyewe.

— Hiyo inaingiaje hapa?

— Inaingia. Wewe kunywa kahawa yako.

Mama Birika, mwenye kahawa, alimjazia kila mtu bila kuulizwa. Kwenye kijiwe chetu yeye humwaga kahawa na kusahihisha watu, na vyote viwili huvifanya kwa mkono uleule mtulivu.

— Lakini kile kitu hasa kinaitwaje? aliuliza Nusu Saa.

— Mkunga anakiita pagola, nilisema.

— Ndiyo nini?

— Paa. Ila halina bati. Boriti mbili juu ya nguzo, halafu papi, zile mbao nyembamba, zinalala juu ya boriti, moja hapa, moja pale, kama mbavu.

— Na mvua?

— Inapita.

— Na jua?

— Linapita nusu.

— Basi ni paa la kusingizia.

— Ni chujio, alisema Mama Birika. Kama hili langu. Machicha yanabaki juu, kinachotakiwa kinashuka.

Hapo hakuna aliyebisha, maana sote tulijua kilichotakiwa kushuka na kilikuwa kinamshukia nani. Mume wa Mkunga alikuwa mpima ardhi. Miaka thelathini alilala kwenye hema porini, akipima mashamba, vilima na njia za reli. Kiharusi kilipompata kikamweka kwenye kiti cha magurudumu, na chumbani akabaki miaka miwili. Siku moja akamwambia mkewe, neno moja baada ya jingine, kwamba ameshahesabu misumari yote ya dari na hataki tena kuwa chini ya kitu kinachomfunika wote. Lakini jua la kibarazani lilikuwa kali, lingemchoma. Ndipo Mkunga akamwita Timazi.

Timazi ndiye fundi seremala wetu. Hata kikombe cha kahawa hakitui chini kabla hajakitazama kama kimekaa wima, na ule uzi wake wenye risasi, yaani timazi yenyewe, hautoki mfukoni. Alichimba mashimo, akapaka mbao dawa ya mchwa, akasimamisha nguzo, akamimina zege. Kazi ya siku tatu. Kisha akasimama hapohapo. Kila asubuhi alikuja, akaegemeza ngazi kwenye nguzo, akapiga boriti msasa zikiwa chini, na jioni akaenda kwake.

— Mimi najua sababu, alisema Nusu Saa. Zile mbao zinapumzika.

— Zimechoka na nini?

— Sikiliza. Mti ukikatwa, haujui kama umekatwa. Unadhani bado uko msituni. Ukiupandisha juu kabla haujakubali, unapinda, unarudi kwao. Timazi anazisubiri zisahau.

— Zisahau nini?

— Ndege.

Tulizitazama zile boriti mbili zilizolala kwenye vigoda. Kwa kweli zilikuwa zimetulia kama watu wanaokumbuka kitu.

— Siyo, alisema Mkaguzi. Ni jua. Yule mzee alimwambia Timazi papi zielekee upande gani, ili saa kumi kivuli kimwangukie kitini. Sawa? Sasa jua halichomozi mahali pamoja. Kila siku linasogea kidogo. Siku walipopima lilikuwa mahali pake, sasa limeondoka. Timazi anasubiri lirudi.

— Litarudi lini?

— Mwakani.

— Hapo umesema, alidakia Nusu Saa. Na siyo jua tu. Mwaka huu kila saa inayokuja kwangu inachelewa. Zote. Nilidhani ni saa, kumbe ni dunia imelegea mahali. Ile nyumba yenyewe inazunguka. Utapigaje msumari kwenye kitu kinachozunguka?

— Usipojenga ukuta, hutakuwa na ufa wa kuziba, alisema Mkaguzi. Yule fundi ana hekima.

Mama Birika alikaa chini, jambo ambalo halifanyi mara nyingi.

— Nyie mnatazama mbao za chini, alisema. Tazameni nguzo. Jana saa hizi, kivuli cha ile ya kushoto kiliishia kwenye ufa wa kibaraza. Leo kimevuka ufa.

— Unamaanisha nini?

— Zinakua. Zimeshika mizizi. Mtu mwenye akili anaona mbao inajirefusha yenyewe, aharakie nini? Mvua zikianza zitatoa majani, Mkunga atapata kivuli asichokigharamia papi hata moja.

Tulizitazama zinavyokua. Nakuambia ukweli, saa nane ile, kahawa ikiwa kichwani na jua likiwa kisogoni, niliiona ile ya kushoto ikipanda.

Sasa, pembeni yangu alikuwepo dada mmoja asiyekuwa wa mtaa huu. Alikuwa anapita, mkanda wa kiatu chake ukakatika, akaniletea. Alikuwa amekaa ukingoni mwa benchi, mguu mtupu ameuweka juu ya ule wenye kiatu, anasikiliza.

— Samahani, alisema. Yule anayepiga msasa ndiye fundi mwenyewe?

— Ndiye, alijibu Mkaguzi.

— Na anakuja kila siku?

— Saa mbili kamili asubuhi yuko pale.

— Mmemuuliza?

Nusu Saa alitazama kikombe chake. Mkaguzi alitazama njia, kama aliyesikia treni. Mama Birika alipangusa birika lililokuwa safi. Na mimi, nilijichoma sindano.

Kwa sababu mimi nilikuwa na nusu ya jibu. Mwaka uliopita Timazi alianguka kutoka kwenye paa la ukumbi, bati lilipoteleza chini ya mguu wake. Alikaa miezi na plasta. Alipopona alirudi kijiweni akisema mguu umekuwa mpya, tukampongeza, tukasahau. Lakini aliniletea viatu vyake vya kazi, akaomba nimwongezee soli ya kushoto, unene wa kidole kimoja, na nisimwambie mtu. Sikumwambia mtu. Tangu siku hiyo alitengeneza milango, vitanda, vigoda, kazi zote za chini, na mimi niliyekuwa naijua ile soli sikuwahi kujumlisha. Ama nilijumlisha, nikaona ni rahisi kukaa na kusikia habari za mbao zinazokumbuka ndege.

Niliinuka, nikavuka njia na kiatu cha yule dada bado mkononi.

Timazi alikuwa ameinama, anapiga msasa mahali palipokwisha kupigwa mpaka pakawa kama shavu la mtoto.

— Soli, aliniita bila kuinua kichwa. Ndivyo wanavyoniita.

— Timazi.

— Kahawa imeisha?

— Ipo. Nimekuja kukuuliza. Hizi boriti zinapanda lini?

— Leo.

— Hata jana ilikuwa leo.

Alipuliza vumbi la mbao. Halikwenda mbali, lilielea hewani kati yetu, likang'aa.

— Ni mguu? niliuliza.

— Mguu hauna neno. Soli yako inanibeba vizuri. Alikaa juu ya kigoda, akaendelea. Kidato cha kwanza cha ngazi napanda. Cha pili napanda. Nikiweka mguu kidato cha tatu, ardhi huku chini inalegea kama uji. Nalisikia lile bati. Mikono inashika ngazi na haitaki kushika kitu kingine. Basi nashuka, narudi kwenye msasa.

— Kwa nini hukusema?

— Niseme nini, ndugu yangu? Fundi wa mapaa anaogopa ngazi? Ni sawa na wewe uogope miguu ya watu.

— Mara kumi na nne, ilisema sauti nyuma yetu.

Tuligeuka. Dirisha la chumba lilikuwa wazi, na ndani yake, kitini, alikuwa mume wa Mkunga. Uso wake umelegea upande mmoja, lakini macho yalikuwa makali, macho ya mtu aliyezoea kuchungulia darubini za kupimia.

— Shikamoo mzee, tulisema pamoja.

— Marahaba. Umepanda... ukashuka... mara kumi na nne. Juzi ulifika... cha tatu... ukakaa. Nilihesabu... hadi ishirini.

— Mzee, kumbe unaona, alisema Timazi. Sauti yake ilikuwa ndogo. Na hukumwambia Mama?

— Mtu akiwa anapima... humgusi mkono.

Mlango ulifunguka, Mkunga akatoka akifuta mikono kwa kanga. Alikuwa amesikia yote kutoka sebuleni, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyejikwaa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

— Mwanangu, mimi nilidhani umepata kazi nyingine kubwa, unanizungusha. Nimeshaongea na fundi mwingine. Anakuja kesho asubuhi.

Timazi alikunja karatasi ya msasa mara mbili, akaitia mfukoni.

— Usimzuie, Mama. Nguzo zimesimama vizuri. Atakuta kazi imebaki ndogo.

Alianza kukusanya vifaa vyake. Randa, msumeno, patasi, kimoja kimoja, anakifuta na kukilaza. Nimeona watu wakiacha kazi kwa hasira na kwa kelele. Yeye aliiacha kama anayemlaza mtoto. Nilibaki nimeshika kiatu cha watu.

Nilipogeuka, kijiwe chote kilikuwa langoni. Mbele alikuwa yule dada, amevaa kandambili zangu za kazini, ambazo zilimzidi kama mitumbwi.

— Nimefuata kiatu changu, alisema.

— Na sisi tumemfuata yeye, alisema Mkaguzi. Alimtazama Timazi, akatazama ngazi, na nadhani alisikia vya kutosha kutoka pale ukutani, kwa sababu alikohoa, akavua koti, akasema: Kidato cha tatu kigumu, fundi. Mimi mwenyewe kilinishinda, nikaenda kukagua tiketi.

Timazi hakutaka kucheka, lakini bega lake lilicheka.

— Sisi tutapanda, alisema Nusu Saa. Wewe simama chini, uelekeze.

— Nyinyi?

— Gogo haliendi ila kwa nyenzo. Nyenzo ndio sisi.

Kwa mara ya kwanza mwaka ule, methali ilikaa mahali pake.

Basi tulianza. Timazi alikuwa amekata mapengo juu ya kila nguzo, boriti iingie na kukaa kama mkate kwenye chombo chake, kisha bolti ipite katikati na nati ikaze. Mkaguzi alibeba kichwa kimoja cha boriti ya kwanza, mimi na Mama Birika kingine, Nusu Saa akapanda ngazi kuipokea, na yule dada akaishika ngazi kwa chini. Ilipanda. Ilitulia ndani ya pengo kwa sauti nzito, tamu, na hata mzee dirishani akatoa pumzi.

Ya pili ilipanda pia. Nusu Saa akaanza kuingiza bolti.

— Ngoja, alisema Timazi kutoka chini. Mgongo uko juu?

— Mgongo gani?

— Kila boriti imepinda kidogo sana. Ina mgongo na tumbo. Mgongo unakaa juu, uzito ukija unainyoosha. Ukiweka tumbo juu itazidi kubonyea kila mwaka. Nimechora mshale.

— Mshale upo, alisema Nusu Saa.

— Unaelekea wapi?

— Chini.

— Igeuze.

— Bolti imeshaingia.

— Itoe.

— Haitoki. Nikiigonga kidogo...

— Usigonge. Utapasua kichwa cha nguzo. Nusu Saa, usigonge. Shuka.

Nusu Saa alishuka, Timazi akapanda. Alipanda kama mtu anayekwenda kuzima jiko linalounguza. Kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne, akatoa bolti kwa kuizungusha polepole, akatuambia tuinue, tukainua, boriti ikapinduka, ikakaa. Akatupa mguu mmoja ng'ambo, akakaa juu ya ile boriti kama mpanda farasi, akaingiza bolti upya, akaikaza.

Halafu akajua yuko wapi.

Tuliiona ile hali ikimwingia. Mgongo ulikakamaa. Mikono ikashika mbao pande zote mbili mpaka vidole vikabadilika rangi.

Mkunga alisogea mpaka chini yake. Hakumwambia asiogope.

— Toa pumzi, alisema. Yote. Usiivute, itakuja yenyewe. Toa tena.

Alitoa. Lakini mikono haikuachia.

— Fundi, aliita mzee kutoka dirishani. Unaona nini?

— Sioni kitu, mzee. Nimefumba macho.

— Mimi... miaka miwili... naona ukuta. Wewe uko... juu ya ukuta. Niambie.

Kisha Timazi alifumbua macho, na sauti yake ikaanza kushuka kidogo kidogo, kama maji ya bomba lililokaa muda mrefu bila kufunguliwa.

— Naona matenki ya maji. Juu ya mapaa. Moja halina mfuniko, wameweka beseni na jiwe.

— Rangi gani?

— Beseni? La kijani. Naona godoro limeanikwa, lina doa kama ramani. Nyumba ya tatu kuna kamba ya nguo, mashati meupe matupu, madogo, mengi. Kuna mtu ananyoa ndevu uani, kioo amekitundika kwenye mti. Amejikata. Anatazama kidole.

Mzee alitoa sauti ambayo mwanzoni sikuitambua. Alikuwa anacheka.

— Nipeni papi, alisema Timazi.

Tulimpa ya kwanza. Aliilaza, akaipima kwa jicho, akaipiga misumari, na huku akipiga akaendelea kusema: reli ile pale inang'aa, kuna mbuzi katikati ya reli, mbuzi ameondoka. Tulimpa ya pili. Alijisogeza mbele, nusu hatua ya matako, akasema habari za duka lililopakwa rangi upande mmoja tu, ule wa barabarani. Ya tatu, ya nne. Sisi wa chini hatukuona lolote kati ya hayo, lakini kila mmoja wetu alikuwa anayaona, na Mama Birika aliniambia baadaye kwamba aliyaona vizuri kuliko siku zote anapopita huko kwa miguu.

Ilipofika saa kumi tulikuwa tumemaliza papi saba kati ya kumi na tatu. Mkunga alimtoa mume wake, kiti kikiguna kwenye kizingiti, akamweka pale walipopima pamoja. Kivuli kilimwangukia kama alivyosema: mstari wa jua, mstari wa giza, kuanzia mabegani hadi magotini. Aliinua mkono unaofanya kazi, akaupitisha polepole kwenye jua, kwenye kivuli, kwenye jua. Kisha akatazama juu, katikati ya mbavu za lile paa, na Mkunga akageukia ukuta kwa muda, akijifanya anatafuta kanga yake iliyokuwa begani.

— Basi shuka, fundi, alisema Mkaguzi. Zilizobaki za kesho. Yule mwingine aambiwe asije.

— Nashuka, alisema Timazi.

— Ngoja, alisema mzee. Baada ya reli... kuna nini?

— Miti. Baada ya miti, kilima.

— Hicho... nilikipima mimi. Nikiwa kijana. Juu kabisa... niliweka jiwe la zege. Alama. Nilibeba saruji... mgongoni. Alikusanya maneno, akauliza: Bado lipo?

Tulitazamana. Mkaguzi aliokota koti lake. Nusu Saa alitazama saa yake. Yule dada alinitazama mimi, na mimi nikatazama kiatu chake, ambacho nilikuwa sijakimaliza. Tumeishi hapa miaka yote hiyo, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupanda kilima kile.

Timazi aliweka kiganja juu ya macho.

— Jua limeniingia usoni, mzee, sioni kileleni. Likishuka kidogo nitakuambia.

Akaitundika nyundo mkandani, akajisogeza mpaka akaegemea vizuri kichwa cha nguzo, akaacha miguu yote miwili ining'inie.